Uwanda Usiolimwa

Juu ya kijiji chetu, ukishapita nyumba ya mwisho na mashamba ya kabichi, kuna uwanda wa majani ambao haujawahi kuonja jembe. Sisi tunapaita Uwandani. Upande mmoja ni msitu. Upande wa pili ni mwamba uliokatika ghafla, na chini yake, mbali kabisa, ndiyo nyika: Mombo, mkonge, vumbi na joto. Siku isiyo na ukungu ukisimama pale ukingoni unaona malori yanavyotambaa barabarani kama chawa kwenye mshono wa nguo.

Siku hizi Uwandani ni hifadhi. Pana kibao cha bati kimechorwa kinyonga wa pembe mbili, na pana askari wa hifadhi mwenye koti la mvua na filimbi. Wageni wanaletwa kutoka Lushoto mjini, wameshakula jibini na jamu zao kule Irente, wanakuja kuinama kwenye majani na kamera. Kibao kinasema majani haya ni ya asili, kuna maua ambayo hayapatikani kwingine, na wananchi wa hapa wameyatunza tangu enzi za mababu kwa mila zao nzuri.

Mimi kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, katika chumba cha watoto wa shule ya Jumapili pale usharikani, tumekaa kwenye viti vifupi magoti yakigusa kidevu. Watu walituita ngumbaru. Kibao kile ndicho maandishi ya kwanza marefu niliyoyasoma peke yangu mpaka mwisho. Nilipofika penye "mila zao nzuri" nilicheka mpaka mzigo wa majani ukaniponyoka kichwani.

Mila yenyewe ni hii. Zamani, mtoto akiota meno ya juu kabla ya ya chini alikuwa kigego. Kigego alionekana ni mkosi wa ukoo: akikua anawamaliza watu wa nyumbani mmoja mmoja, na mvua inakata. Basi kigego alipelekwa Uwandani. Wengine walirushwa pale mwambani. Wengine waliwekwa tu kwenye majani jioni, wakaachwa mpaka asubuhi, na huku kwetu baridi ya kipupwe inamshinda hata mtu mzima aliyevaa sweta. Ikitokea asubuhi mtoto kakutwa mzima, basi Uwanda umemkataa, anarudishwa, na hakuna wa kumgusa tena maisha yake yote. Bibi yangu alisema yeye katika uhai wake hakusikia aliyerudishwa.

Ndiyo maana hapakulimwa. Nani alime viazi hapo? Nani ale? Wajerumani walitaka kupanda miti ya kwao, vibarua wakachimba mashimo mchana, kesho yake hawakutokea. Waingereza walikuja na amri ya matuta, watu wakalima matuta kila mahali kwa kununa, ila pale walikataa hata kwa viboko. Wakati wa vijiji vya ujamaa palipimwa shamba la maharage la kijiji. Lilipandwa na viongozi wenyewe, na halikupata wa kupalilia. Ng'ombe tu ndio walioruhusiwa, kwa sababu ng'ombe hawajui. Na baadaye sisi wanawake wa kukata majani, kwa sababu ng'ombe wetu siku hizi wanafugwa bandani, na mwanamke mwenye ng'ombe ana njaa akilini muda wote. Ukimaliza majani yako ya guatemala uliyoyapanda kwenye kingo za shamba, utakwenda Uwandani, upende usipende.

Kwa hiyo yale maua yote, wale kwale, pimbi wa kwenye mawe, vinyonga, vipepeo wadogo wa buluu wanaotua kwenye mavi mabichi, walinzi wao walikuwa watoto waliokufa. Hilo kibao hakikusema.

Nilipozaa mtoto wangu wa mwisho nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini. Wakubwa wameshaondoka nyumbani, mimi mwenyewe nilishadhani tumbo limefunga. Alikuja msichana, mweusi mzuri, ana sauti kama filimbi. Mchungaji akambatiza. Mama mkwe, ambaye ni mwanakwaya tangu ujana wake na amekaa kiti cha mbele miaka yote niliyomjua, alimshika mwenyewe kwenye maji ya ubatizo na kulia kwa furaha.

Mama mkwe huyohuyo ndiye aliyekuwa anamwogesha asubuhi ile. Alikuwa anamsugua fizi kwa kidole na chumvi, kama wanavyofanya bibi wote. Akasimama. Akamgeuzia mwanga.

"Njoo uone," akaniambia.

Nikaona. Juu, katikati, meno mawili yamechomoza kama punje za mchele. Chini hakuna kitu.

"Yatakuja na ya chini, mama," nikasema.

Alimfuta mtoto, akamweka kwenye mkeka, si mikononi mwangu, kwenye mkeka, akaenda kunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alipotoka nje nilisikia anamwita mume wangu kwa Kishambaa, kwa sauti ndogo, ile ya msibani.

Siku hizi hatuui. Lazima niseme hivyo, watu wasije wakatuona wanyama. Sheria ipo, dini zipo, hospitali ipo kule Bumbuli na manesi wanacheka ukiwauliza habari ya meno. Siku hizi kigego anapelekwa nyika. Anatafutwa mwanamke huko chini, mtu baki, asiyejua au asiyejali, anapewa mtoto, na ukoo unasema mtoto yuko kwa shangazi. Anakua hajui kwao. Na njia ya kumshusha ni ileile inayopita Uwandani, ikateremka kwenye ufa wa mwamba, na aliyembeba haruhusiwi kumweka chini mpaka amalize kuvuka majani yote. Akimweka, na mtoto akiinuliwa mzima, ni yaleyale ya zamani: Uwanda umemkataa, mtoto ni wa nyumbani. Kwa hiyo wanaowabeba ni watu wenye miguu imara na mdomo mfupi.

Baba mkubwa wa mume wangu, ndiye mkubwa wa ukoo, alikuja na fimbo yake na kofia yake ya sufi.

"Mwanangu," akaniambia, "hatukulaumu. Tumbo halina macho. Mpeleke tu mtoto kwa shangazi yake."

"Shangazi yupi, baba? Shangazi zake wote nawajua. Wote nimewapikia."

"Atapatikana."

"Basi huyo si shangazi."

Mama mkwe akadakia: "Unabishana na baba yako mkubwa kwa sababu umejua kusoma kibao?"

Wakacheka. Mume wangu naye alicheka, kidogo, akiangalia chini.

Nikawaambia mtoto wangu amebatizwa, ana jina mbele za Mungu, na atakaa nyumba hii. Nikawaambia wakimpeleka nyika wanipeleke na mimi, na ng'ombe nimchukue. Hilo la ng'ombe ndilo lililowanyamazisha siku ile. Maziwa yake yalikuwa yanaingia kwenye chai ya kila mtu aliyekaa pale.

Kuanzia hapo sikumwacha mtoto na mtu. Nilikwenda naye kisomo, nilikwenda naye sokoni, na siku zilizoruhusiwa kukata majani nilikwenda naye Uwandani mgongoni, mundu mkononi, naye anavuta masikio yangu. Wanawake wenzangu walikata upande wao, mimi upande wangu. Awali tulikuwa tunakata kwa mstari, tunasengenya waume, tunasaidiana kutwishana. Sasa ilibidi nijitwishe mwenyewe kwa kuegemea jiwe.

Hawakukaa kimya. Kukaa kimya kungekuwa huruma.

"Mama wa kanisa, huyo mgongoni ameshakula mtu?"

"Bado, anaanza na mama yake."

"Atakula kabichi kwanza!"

Hili la kabichi lilikuja baada ya mvua ya mawe. Ilipiga mashamba ya upande wetu yakabaki kama yamekatwakatwa kwa panga, upande wa pili wa bonde haikugusa. Mvua ya mawe kwetu inakuja karibu kila mwaka na kila mwaka inachagua. Lakini safari hii watu walipita mbele ya mlango wangu, wakasimama, wakatema mate, wakaendelea.

Nilikwenda kwa mwinjilisti. Ni kijana mzuri, ana pikipiki. Nikamweleza. Akaniambia nisali, nikamwambia nasali. Akaniambia nifunge, nikamwambia nanyonyesha. Akasema atahubiri juu ya ushirikina. Jumapili alihubiri juu ya ulevi. Mama mkwe akaimba sauti ya kwanza, vizuri sana.

Uwandani penyewe hapakunifariji. Watu wanaoandika vibao wanadhani majani ni mahali pa amani. Mimi nimekaa humo miaka na naona kinachofanyika. Siafu wakipanda kwenye kiota cha kwale, vifaranga wanalia kwanza wote, halafu mmojammoja, halafu basi. Mwewe anakula chura kuanzia miguuni. Siku moja tai mkubwa wa msituni, yule mwenye kishungi, alishuka mwambani akamchukua mtoto wa pimbi mbele ya macho yetu. Mama yake alipiga kelele juu ya jiwe, akazunguka, akapiga kelele tena, halafu akaanza kula majani. Mwanamke mmoja akaniita: "Mama wa kanisa, umeona? Hata ndege anajua mwamba huu ni wa kazi gani." Wakacheka mpaka wakaketi.

Na vinyonga. Kinyonga kwetu anaogopwa kuliko nyoka. Wakimkuta, hata askari akiwepo, wanasubiri ageukie kwingine halafu wanamtia ugoro mdomoni kwa kijiti wamwone anavyobadilika rangi, anakuwa mweusi, anakuwa wa kijivu, anatetemeka, mwisho anaachia tawi. Binti yangu aliwapenda. Mgongoni kwangu alikuwa akimwona kabla yangu, ananyoosha kidole, anasema "u, u." Nilimwomba Mungu amfundishe kunyamaza. Kigego anayependa vinyonga, jamani! Nikawa namfunika uso na kanga kila tulipowakaribia wale wanawake.

Meno ya chini yaliota, ndiyo. Yaliota manne kwa mpigo. Nilimpelekea mama mkwe aone. Akasema, "Mwizi akirudisha mbuzi anakuwa si mwizi?"

Basi ikafika asubuhi moja mume wangu akaamka na maneno matamu. Alikuwa na nafasi ya kukaa nyumbani kwa sababu viazi vilikuwa havijakomaa. Akawasha moto mwenyewe. Akanipa chai.

"Mama watoto," akasema, "mgongo wako umeisha. Leo mwache mtoto nikae naye. Nenda kakate majani kama mtu."

Nilimwangalia. Alikuwa anamlisha uji na kijiko, anampulizia. Mtoto tayari anasimama kwa kushika, anamshika ndevu. Nikaona labda sala yangu imefika. Nikashukuru kwa sauti. Naye akasema amina.

Nikaondoka mwepesi, sijui niseme kama msichana. Kawaida yangu ilikuwa kukata bondeni, chini ya chemchemi, mbali na wenzangu. Lakini siku hiyo siafu walikuwa wametanda kule kama mkeka mweusi, na ukungu ulikuwa mzito, nikapanda juu, karibu na njia. Wanawake walikuwepo, nawasikia siwaoni vizuri. Askari alikuwa pale kwenye kibao na wageni wake wawili waliovaa kofia za mvua.

Halafu nikasikia filimbi.

"Wewe mama! Simama hapo! Mgongoni una nini?"

Wakati huo kulikuwa na wizi. Watu walikuwa wanang'oa yale maua na kuiba vinyonga, wanawafunga kwenye kanga kama mtoto, wanateremka nao nyika kwa wanunuzi. Askari alikuwa ameshaonywa na wakubwa wake, alikuwa na hasira za wiki nzima, na mbele ya wageni alitaka aonekane ana kazi.

"Mjukuu wangu amelala," sauti ikajibu. Niliijua sauti ile. Ni sauti ya kwanza ya kwaya.

"Wote wanasema wamelala. Fungua mzigo."

"Baba, mimi ni mtu mzima, unanifungua nguo?"

"Shikamoo, bibi, lakini fungua. Weka chini hapo, nione."

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Mundu bado mkononi. Nilimwona katika ukungu: mama mkwe, kanga yake ya kanisani, viatu vya raba, na mgongoni umbo ninalolijua kama kiganja changu. Angeweza kumwambia askari kila kitu. Angeweza kumkabidhi mtoto mikononi. Lakini yule askari alimshika bega, na filimbi bado iko mkononi, na mama mkwe wangu, aliyezaliwa wakati wenye kofia za serikali walikuwa hawajibiwi, alifanya alichoamriwa. Alifungua fundo. Akamteremsha mtoto. Akamweka kwenye majani.

Mtoto aliamka. Akakaa. Akang'oa jani akatia mdomoni.

"Haya," akasema askari, "ni mtoto kweli. Pole, bibi. Unaweza kwenda."

Lakini wanawake walikuwa wameshafika, na mmoja wao, yuleyule wa tai na pimbi, akapiga kelele: "Amemweka! Mama amemweka! Mmemwona, amemweka mwenyewe kwa mikono yake!"

Mama mkwe aliangalia mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akakaa chini, pale pale, kwenye umande. Wageni walipiga picha. Nadhani walidhani ni sherehe.

Nilimwokota mwanangu. Nikasema na mama mkwe kwa mara ya kwanza bila kuweka "mama" mbele. Nilimwambia, "Ungemfikisha kwa nani?"

"Kwa mwanamke wa mkongeni," akasema. "Ana watoto wawili. Anapika vizuri." Halafu akasema, "Nilimtafuta mwenyewe. Nilikataa wawili wa kwanza. Walikuwa na nyumba chafu."

Nyumbani nilimkuta mume wangu analinoa shoka lisilohitaji kunolewa. Aliponiona na mtoto hakuinua uso. "Mama alisema ni heri wewe usiwepo," akasema. "Alisema ungelia." Nilimuuliza ule uji wa asubuhi ulikuwa wa nini. Akasema mtoto asisafiri na njaa.

Jioni ukoo ukakutana uani kwetu. Pombe ya miwa ililetwa. Baba mkubwa alikuwa amechangamka, mashavu yanang'aa. Jambo zito limemwondokea bila yeye kuamua. Akatangaza kwamba Uwanda umemkataa mtoto, kwamba tangu leo atakayemwita kigego atalipa mbuzi. Watu wakapiga makofi. Wanawake walionicheka wakapiga vigelegele, na mmoja akaja kumbusu mtoto shavuni mbele yangu bila aibu.

"Imebaki moja," baba mkubwa akasema. "Mama wa mtoto atie neno lake. Sema, mwanangu: Uwanda umemkataa, tunashukuru. Basi, tunywe."

Maneno matatu. Nilimwona mume wangu ananiomba kwa macho.

Lakini nilifikiri: nikishukuru kwamba Uwanda umemkataa wangu, basi wale uliowachukua uliwachukua kwa haki. Ile hesabu haina njia nyingine. Wale wote waliolala pale kwenye baridi mpaka sauti ikakatika, nitakuwa nimewaambia mlistahili.

"Mimi sishukuru majani," nikasema. "Majani ni chakula cha ng'ombe. Mtoto huyu ni wa Mungu, na wale wengine walikuwa wa Mungu, na waliowapeleka wataulizwa."

Waliokuwa wameshika vikombe wakaviweka chini. Hata wafu wao nilikuwa nimewatukana, babu zao na bibi zao, mbele ya pombe. Baba mkubwa akasimama. Aliongea polepole, bila hasira, na huo ndio ukatili wake.

"Mtoto ni wetu," akasema. "Hilo limekwisha. Wewe ndiye sasa hatujui ni wa nani."

Tangu siku hiyo mama mkwe haitikii shikamoo yangu. Mgeni kwetu hawezi kujua hilo ni kitu gani. Kila asubuhi nasema shikamoo, mama, na shikamoo yangu inaanguka chini kama kikombe. Sijaacha kuisema. Mume wangu analala kwangu, anakula kwa mama yake. Kwenye vikao vya ukoo naitwa kuosha vyombo. Wanawake wa majani wamerudi kwangu kidogo, wananitwisha, lakini utani umekwisha, na utani ukiisha hata urafiki unakuwa kama ofisini.

Na mtoto wamempenda. Wamempenda kwa namna ambayo nilichelewa kuiona. Anakula kwanza kwa bibi yake. Anapewa paja la kuku. Bibi anamwita "wangu wa Uwanda," anamsuka nywele, anamfundisha nyimbo za kwaya. Kisha nikaanza kuona anaitwa asubuhi kushika miche ya kabichi kabla haijapandwa, mvua ya mawe isiipige. Anaitwa kumgusa ndama mgonjwa. Niligombana nao. Nilimwosha mikono kwa sabuni, nikamwambia hiyo mikono ni ya kuandikia. Yuko darasa la pili, anasoma haraka kuliko mimi, anasoma hata kibao cha hifadhi kwa kukimbia. Lakini anajua ameachwa na Uwanda, yaani Uwanda ulimkataa. Anasema hivyo, ameweka mikono kiunoni. Wenzake wanampa nafasi ya kwanza kwenye bomba la maji.

Nilipigania asiwe mkosi. Wamemfanya dawa. Mtoto tu, mwenye makamasi, hakuna aliyemtaka.

Mwaka huu, siku ya kukata majani, nilikuwa Uwandani naye kwa sababu shule zimefungwa. Mama mkwe naye alikuwepo, anaokota kuni za ukingoni. Akapanda msichana mmoja kutoka vijiji vya upande wa Bumbuli, sijui amelala wapi njiani, ana mtoto mgongoni na mama yake nyuma yake. Viatu vimejaa tope. Akapiga goti mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeelekezwa kwako. Nimeambiwa binti yako ndiye yule."

Hakuhitaji kueleza. Alimgeuza mtoto, akamfungua mdomo kwa kidole gumba. Meno mawili, juu.

"Nataka amshike tu, amweke hapa," akasema. "Wakwe wamesema nikirudi naye hivi hivi, kesho anashuka. Lakini akiwekwa na yule aliyeachwa, wamesema watakubali. Wameapa."

"Binti yangu si mganga," nikasema. "Kataa. Mimi nilikataa."

"Mimi si wewe, mama." Hakusema kwa ubaya. "Mimi nina miaka kumi na tisa. Sina hata ng'ombe."

Mama mkwe alikuwa ameacha kuni zake. Hakunisemesha mimi, alisema na mjukuu: "Njoo, wangu wa Uwanda. Njoo umsaidie dada yako."

Binti yangu akaniangalia. "Mama, ni kumweka tu. Si mimi niliwekwa tu?"

Nilikuwa nimemshika mkono. Nilijua nikimwachia, hatarudi tena kuwa mtoto. Watapanda huku kila mwezi, kutoka kila bonde, na yeye atakuwa mlango. Nilijua pia kwamba nikiendelea kumshika, yule mwingine wa mgongoni kesho yuko mkongeni, au pabaya zaidi, kwa mwanamke ambaye hakuna bibi aliyekwenda kuikagua nyumba yake.

"Wewe hutamgusa," nikamwambia binti yangu. "Kakae kwenye jiwe lile."

Nikamgeukia yule msichana. "Wakwe zako wameapa awekwe na nani? Na aliyeachwa au na mtu wa aliyeachwa?"

Akamwangalia mama yake. Mama yake, mjanja, mwenye macho mekundu ya safari, akasema haraka: "Mtu wake anatosha. Nitasema anatosha."

"Mlete."

Mama mkwe akaguna. Na hapo, baada ya miaka yote, akanisemesha: "Mlutheri, leo umekuwa mganga."

"Nyamaza, mama," nikamjibu, "shika kanga hii."

Akaishika. Nilipiga majani kwa bapa la mundu kuangalia siafu, nikapiga tena pembeni, nikaondoa kinyonga mmoja mdogo kwa kijiti nikamweka kwenye tawi. Halafu nikamchukua mtoto wa watu. Alikuwa na joto, ananuka maziwa na moshi. Nikamlaza. Niliomba kwa sauti kubwa, kwa jina la Yesu, ili wote wasikie nimeomba kwa nani. Najua walisikia walichotaka. Mtoto alianza kulia, kilio chembamba, na yule msichana akanyoosha mikono.

"Bado," mama mkwe akamzuia. "Mwache alie. Lazima wakwe wasikie kwamba alilia."

Tukasimama tukimsikiliza, wanawake wanne juu ya mtoto mmoja. Sikumwomba mtu msamaha. Nilihesabu moyoni taratibu, nikiangalia shingo yake isije ikaingia mdudu, mpaka nilipoona sasa inatosha, nikainama nikampa mama yake.

"Nenda," nikamwambia. "Usipumzike njiani. Wakikuuliza, sema ni mimi."

Akafunga mtoto mgongoni, akaondoka bila kuaga, mama yake anamfuata anakimbia. Mama mkwe alibaki ananiangalia, kanga yangu mkononi mwake, kama mtu anayepima kitambaa. Nikamwita binti yangu ashuke kwenye jiwe aje anishikie kamba, kwa sababu majani yalikuwa bado hayajafika hata nusu ya mzigo.